Njia ya Kusomea Upasuaji wa Plastiki: Mwongozo kwa Vijana wa Malindi na Lamu

Mtu akitajiwa upasuaji wa plastiki, mara nyingi mawazo yake hukimbilia pua zilizochongwa upya na nyuso za waigizaji zisizozeeka. Kazi hiyo ipo, nayo ina malipo mazuri jijini Nairobi, lakini siyo inayomngoja mpasuaji wa fani hii katika wadi za Malindi na Lamu. Huku kwetu anangojwa na mtoto aliyemwagikiwa na uji au mafuta ya viazi karai, ambaye kovu limemkunja shingo hata kidevu kikashikana na kifua. Anangojwa na mvuvi aliyekatwa kano za vidole na rafadha ya mashine ya mashua, na abiria wa bodaboda aliyechunika mguu hadi mfupa ukaonekana, na mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, na mgonjwa wa kifafa aliyeangukia mekoni. Anayetaka kuisomea fani hii aanze kwa kuijua hivyo, kwa sababu mafunzo yake yote, kuanzia darasa la anatomia hadi mtihani wa mwisho wa ubingwa, yamejengwa juu ya shughuli ya kufunika majeraha na kurudisha viungo katika umbo na kazi yake.

Wala si fani iliyoletwa Afrika Mashariki juzi. Wazo la Madaktari Warukao, lililozaa shirika la AMREF mwaka 1957, lilitoka kwa wapasuaji watatu wa plastiki: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. McIndoe ndiye aliyewatibu marubani wa Uingereza walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia, katika hospitali ya East Grinstead, na Wood alijifunza kwake. Walichokiona ni kwamba mgonjwa aliye mbali na barabara hafiki kwa daktari kwa wakati, basi daktari amfuate kwa ndege. Hali hiyo watu wa Lamu wanaielewa bila kuelezwa, kwani mgonjwa wa Amu anayepewa rufaa kwenda Mombasa huanza kwa boti hadi Mokowe, kisha hushika barabara ya Witu, Garsen na Malindi, ndipo aufikie mji.

Kabla ya kwenda mbali, ni vyema kuitenganisha fani hii na jirani zake, maana kuna vijana wanaoingia mlango usio wao. Mpasuaji wa mdomo, taya na uso kwa kawaida hutokea katika udaktari wa meno, na shahada yake ya kwanza ni nyingine. Daktari wa ngozi hutibu magonjwa ya ngozi zaidi kwa dawa kuliko kwa kisu. Na yule aliyehudhuria kozi fupi ya urembo, akapewa cheti cha kudunga sindano za kuondoa mikunjo, si mpasuaji wa plastiki hata kidogo, hata kama ukuta wa ofisi yake umejaa vyeti.

Hesabu ya miaka

Hesabu hii ni afadhali kuifanya mapema na kuifanya mbele ya wazazi. Shahada ya udaktari katika vyuo vikuu vya Kenya huchukua miaka 6. Baada yake kuna mwaka 1 wa mafunzo ya kazini, ambao watu huuita intanshipu. Wengi kisha hufanya kazi kama madaktari wa kawaida kwa mwaka 1 hadi 3, ama kwa kutaka ama kwa kungoja nafasi na fedha, na ndipo huingia katika mafunzo ya ubingwa ya miaka 5 hivi. Ukijumlisha, kijana aliyemaliza sekondari akiwa na umri wa miaka 18 atakuwa bingwa akiwa na miaka 31 hadi 33, na pengine 35 nafasi zikichelewa. Yapo mapato katikati, kwa hiyo si miaka ya kukaa bure, lakini mzazi anayedhani kwamba mwanawe atarudi na gari baada ya miaka 6 aambiwe ukweli mapema.

Kwa mabinti, hesabu hiyo huangukia katika miaka ile ile ambayo jamaa wanaulizia posa na harusi. Sioni sababu ya jambo moja kuua jingine, na wapo mabingwa walioolewa na kuzaa katikati ya mafunzo, lakini mambo ya zamu za usiku na ya nani atabaki na mtoto yazungumzwe kabla ya ndoa.

Sekondari

Wanafunzi wa mfumo wa 8-4-4 wanaisha: mtihani wa mwisho wa KCSE utafanywa mwaka 2027. Aliyemo katika mfumo huo ahakikishe ana baiolojia, kemia, hisabati na fizikia, pamoja na Kiingereza na Kiswahili, na asiache fizikia kwa uvivu. Kwa wale wa mtaala mpya, ambao kundi lao la kwanza liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, mkondo unaohitajika ni ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na ndani ya mkondo huo mchanganyiko uwe na baiolojia, kemia na fizikia kwa pamoja. Hapa pana jambo la kuangalia sana. Si kila shule ya sekondari ya juu hufundisha mchanganyiko huo kamili, na si kila iliyouandika katika orodha yake ina maabara na walimu wa kuutosheleza. Mzazi wa Lamu anayepewa nafasi ya mwanawe katika shule fulani aulize kwanza habari ya maabara, kisha ndipo aulize habari ya bweni.

Mgawanyo wa nafasi za chuo kikuu hufanywa na KUCCPS, na udaktari ni miongoni mwa kozi zinazogombaniwa kuliko zote. Kiwango cha chini kilichoandikwa ni kimoja, na alama za wanaoingia hasa ni nyingine. Wengi wanaopata nafasi ya serikali huwa na A au A ya kutoa. Aliyekosa kwa alama chache ana njia ya kozi ya ofisa wa kliniki katika vyuo vya KMTC, ambavyo pwani vipo. Njia hiyo ni ya heshima, na maofisa wa kliniki ndio wanaoshona majeraha mengi ya nchi hii, lakini ieleweke kwamba ofisa wa kliniki hawi mpasuaji wa plastiki mpaka asome shahada ya udaktari kutoka mwanzo au karibu na mwanzo. Anayeichukua kama daraja ajue urefu wa daraja lenyewe.

Chuo kikuu, hapa au ng'ambo

Nchini Kenya udaktari husomeshwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Moi, Kenyatta, Jomo Kenyatta, Egerton na Maseno, na katika vyuo vya binafsi kama Mount Kenya, Methodist na Aga Khan. Kwa lengo la upasuaji, tofauti kubwa kati ya vyuo hivyo haimo katika vitabu. Imo katika hospitali ambayo wanafunzi hupelekwa kujifunza: je, ina wagonjwa wengi, ina chumba cha upasuaji kinachofanya kazi kila siku, na wanafunzi huruhusiwa kusogea karibu na meza au husimama nyuma wakitazama migongo ya watu?

Vijana wa pwani wana desturi ya zamani ya kwenda kusoma nchi nyingine, hasa Misri, Sudan, Uturuki na India, ama kwa ufadhili ama kwa sababu karo ni nafuu kuliko ya kujilipia nyumbani. Sitamzuia mtu, ila yapo mambo ya kufanya kabla ya kukata tiketi. Kwanza, uliza Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, kama chuo hicho kinatambuliwa, na upate jibu lake kwa maandishi. Neno la wakala anayetafuta wanafunzi halitoshi. Pili, fahamu kwamba aliyesoma nje kwa kawaida hutahiniwa na Baraza kabla ya kuruhusiwa kuingia katika intanshipu, na kwamba mtihani huo huwaangusha watu waliokuwa wakisoma kwa lugha wasiyoimudu vizuri. Tatu, tazama amani ya nchi yenyewe: vita vilivyozuka Khartoum Aprili 2023 viliwarudisha nyumbani wanafunzi wengi wakiwa katikati ya masomo, na kuhamisha miaka iliyokwisha kusomwa si jambo jepesi. Vyuo vya Tanzania na Uganda vina faida kwamba mabaraza ya Afrika Mashariki hukagua vyuo kwa pamoja, kwa hiyo kutambuliwa ni rahisi zaidi.

Katika miaka hiyo 6, mwanafunzi anayeutaka upasuaji asipite katika anatomia kwa kukariri ili afaulu tu. Mkono na uso ndizo sehemu atakazoishi nazo. Mpasuaji wa plastiki ni lazima ajue kila mshipa mdogo wa damu unaolisha ngozi, unatokea wapi na unaelekea wapi, kwa kuwa akikata kipande cha ngozi na nyama ili akigeuze kufunika jeraha, kipande hicho huishi kwa mshipa huo mmoja. Pia ajizoeze utafiti angali mwanafunzi. Kilifi ipo taasisi ya KEMRI-Wellcome, inayofanya utafiti tangu mwaka 1989, na imewalea watafiti wengi vijana. Mwanafunzi wa Malindi anayerudi nyumbani likizo hana haja ya kwenda mbali kutafuta mahali pa kujifunza namna takwimu zinavyokusanywa.

Intanshipu na miaka ya udaktari wa kawaida

Mwaka wa intanshipu hupitishwa katika hospitali iliyoidhinishwa, na daktari mpya huzunguka katika idara kuu, zikiwemo upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto na uzazi. Kupangiwa kituo kumewahi kuchelewa kwa miezi, na malipo ya maintani yalikuwa kiini cha mgomo wa madaktari ulioanza Machi 2024 na kumalizika Mei mwaka huo. Nayataja haya ili kijana aweke akiba, asije akashangaa akiwa na shahada mkononi na nauli hana.

Baada ya hapo hufuata miaka ambayo wengi huiona kama ya kupoteza, nami naiona kuwa ndiyo shule bora kuliko zote. Daktari anayefanya kazi katika hospitali ya Malindi, au ile ya King Fahd iliyopo Lamu, hukutana na majeraha ambayo mwenzake aliyebaki hospitali kubwa ya Nairobi huyaona yakiwa tayari yameshaguswa na watu watano. Yeye huyaona yakiwa mabichi: mkono ulioungua na kupakwa dawa ya meno, kidole kilichofungwa kwa kitambaa tangu baharini, kidonda cha kisukari kilichofichwa ndani ya kiatu kwa wiki nzima. Huko ndiko anakojifunza kwamba mkono ulioungua, usipofungiwa ubao wa kunyoosha vidole mapema, hukunjika ukipona; na kwamba mgonjwa wa namna hiyo angeokolewa na mazoezi na bendeji iliyofungwa vizuri, asihitaji kabisa upasuaji mkubwa baadaye.

Huko pia ndiko anakojifunza kupandikiza ngozi, ambayo ndiyo alfabeti ya fani hii. Tabaka jembamba la ngozi huparwa kutoka pajani kwa kisu maalumu, hutobolewatobolewa ili litanuke na kupitisha majimaji, kisha hulazwa juu ya kidonda kilicho safi. Siku mbili za mwanzo kipandikizi hunyonya majimaji ya kidonda kwa kuwa hakina mshipa wake. Baadaye mishipa midogo huungana nacho. Basi damu ikikusanyika chini yake, au usaha, au bendeji ikiteleza kwa sababu mtoto hakutulia, kipandikizi hufa. Maelezo hayo yanaweza kusomwa kitabuni kwa dakika 5. Kuyajua hasa ni kufungua bendeji siku ya tano na kuona kama ngozi imeshika au imeoza, na ikiwa imeoza, kukumbuka ulichokiacha bila kukifanya.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa daktari kijana anayeitaka fani hii ni kuomba kazi katika hospitali ndogo yenye mpasuaji mmoja mwenye moyo wa kufundisha, hata kama mji ni mkimya na wenzake wanamcheka. Aandike kila upasuaji alioufanya au kuusaidia katika daftari: tarehe, aina, nafasi yake mezani, na matokeo. Asiandike jina la mgonjwa.

Milango miwili ya ubingwa

Anayesomea ubingwa huu akiwa Kenya ana njia mbili kubwa, na uchaguzi kati yake ndio uamuzi mzito kuliko wote katika safari hii.

Njia ya kwanza ni ya chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya tiba katika upasuaji wa plastiki, urekebishaji na urembo, inayosomwa kwa takriban miaka 5, huku Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ikiwa ndiyo darasa. Hospitali hiyo ina wadi ya waliochomeka na timu iliyozoea kazi ngumu. Mwaka 2018 wapasuaji wake walimrudishia kijana mkono uliokatika kabisa. Miaka ya kwanza ya mafunzo ni ya misingi, yaani anatomia, fiziolojia, patholojia na upasuaji wa jumla, kisha mwanafunzi huingia katika fani yenyewe na kuandika tasnifu. Karo hulipwa, na mwanafunzi asiyekuwa na mwajiri wa kumlipa mshahara anafanya kazi ya wadi mchana na usiku bila ujira wa maana. Hilo ndilo huwavunja wengi.

Njia ya pili ni ya Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao yake Arusha. Chuo hiki hakina majengo ya kufundishia. Mwanafunzi huajiriwa katika hospitali iliyoidhinishwa katika mojawapo ya nchi wanachama, akafunzwa huko huko kazini na mabingwa waliopo, akajaza daftari lake la upasuaji kwa njia ya intaneti, na kufanya mitihani ya eneo zima. Hatua ya kwanza ni uanachama, wa miaka 2, ambao ni wa upasuaji wa jumla. Ya pili ni ubingwa wa plastiki, wa miaka 3 mingine. Masomo ya mtandaoni huendeshwa kwa ushirikiano na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ireland, uliodumu tangu mwaka 2007. Hakuna karo ya mafunzo kama ile ya chuo kikuu, ingawa zipo ada za kujiandikisha na za mitihani, na nauli ya kwenda kutahiniwa katika nchi nyingine.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mwanafunzi hupokea mshahara akiwa anasoma. Ubaya wake ni kwamba ubora wa mafunzo hutegemea hospitali aliyoichagua, na hospitali zilizoidhinishwa kufunza upasuaji wa plastiki ni chache kuliko zile za upasuaji wa jumla. Mtu anaweza kumaliza miaka 2 ya kwanza vizuri kisha akakosa nafasi ya hatua ya pili nchini mwake. Kwa sababu hiyo ni busara kutazama pia nje ya mipaka. Hospitali ya CoRSU, iliyopo Kisubi kwenye barabara ya Kampala na Entebbe, ina jina kubwa katika upasuaji wa urekebishaji wa watoto, na imewafunza wapasuaji wa eneo letu. Kabla ya kujiunga popote, tafuta mtu aliyemo katika mafunzo hayo sasa hivi na umuulize maswali yasiyoandikwa katika tovuti: wiki iliyopita aliingia chumba cha upasuaji siku ngapi, nani alishika kisu, na mashine ya kuparia ngozi ilipoharibika mara ya mwisho ilikaa muda gani bila kutengenezwa.

Ukiniuliza nichague, nitasema hivi. Aliye na mwajiri anayemlipa mshahara wakati wa masomo aende chuo kikuu, kwa kuwa atakutana na idadi kubwa ya wagonjwa na walimu mahali pamoja. Asiye na mwajiri, na hasa mwenye familia inayomtegemea, afuate COSECSA, na asijione kuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, kwani shahada zote mbili zinatambuliwa na Baraza.

Mikono

Alama za mtihani hazishoni. Wapo watu wenye akili nyingi ambao mikono yao haitulii, na wapo wenye mikono mizuri wasiopenda kusoma, na fani hii inataka vyote viwili. Habari njema ni kwamba mkono hufunzwa. Aliyekaa barazani Lamu akawatazama mafundi wa kofia za kushonwa kwa mkono, wakipitisha sindano kwa saa nyingi kuzunguka tundu lililo dogo kuliko punje ya mchele bila nyuzi kulegea wala kukaza kupita kiasi, ameshaona utulivu unaotakiwa. Tofauti ni kwamba ngozi ikikazwa sana hufa.

Mazoezi yaanze kwa vitu vya jikoni. Vitabu vya ng'ambo hupendekeza miguu ya nguruwe, jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi haliwezekani, lakini mguu wa mbuzi na ngozi ya kuku vinatosha kabisa, na ganda la ndizi hufaa kwa kujifunza kushona bila kuchana. Zoezi la maana zaidi ni la paja la kuku: ndani yake, kando ya mfupa, umo mshipa mdogo wa damu ambao wanafunzi wa upasuaji wa hadubini duniani kote huutumia kujifunza kuunganisha mishipa. Nyuzi za kazi hiyo ni nyembamba kuliko unywele, na hushikwa kwa vibanio vyembamba chini ya hadubini, huku kiwiko kimeegemezwa na pumzi zimetulia. Daktari anayeanza hana haja ya hadubini ya hospitali. Miwani ya kukuza inatosha kumwanzisha. Anachohitaji ni kulifanya zoezi hilo kila wiki kwa miaka. Anayelifanya kwa siku tatu mfululizo kisha akasahau mwezi mzima hatafika.

Pamoja na mikono kuna jicho na ulimi. Jicho, kwa maana ya kuona umbo: kabla ya kukata, mpasuaji huchora kwa kalamu juu ya ngozi, na mchoro ndio upasuaji wenyewe. Katika mdomo sungura, mstari unaotenganisha mdomo na ngozi ukikosewa kwa milimita moja utaonekana kwa mtu yeyote atakayezungumza na mtoto yule maisha yake yote. Ulimi, kwa maana ya kusema na jamaa. Mama wa mtoto mwenye mdomo sungura huenda ameshaambiwa kwamba alipatwa na jicho baya au alishika kisu wakati wa kupatwa kwa mwezi, na daktari anayemcheka humpoteza. Amweleze kwa upole kwamba kasoro hiyo hutokea katika wiki za mwanzo za mimba, pande za uso zinapokosa kuungana, kwamba mdomo unaweza kushonwa mtoto akifikisha miezi 3 hivi akiwa na uzito na damu ya kutosha, na kaakaa baadaye, kati ya miezi 9 na 18, ili asichelewe kusema. Mashirika kama Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999, na Operation Smile, ambalo limefanya kazi Kenya tangu mwaka 1987, hugharimia upasuaji huo, na kambi zao ni mahali pazuri kwa daktari kijana kujitolea na kutazama mikono ya wakubwa.

Kwenda ng'ambo kwa ubingwa

Marekani mafunzo ya moja kwa moja huchukua miaka 6, na ushindani wake ni mkali mno hata kwa waliozaliwa huko. Anayetoka nje ni lazima apitie mitihani ya USMLE, na kwa kweli ni wachache wanaopata. Uingereza njia ipo lakini ni ndefu. India humtaka mtu amalize kwanza miaka 3 ya upasuaji wa jumla kisha 3 ya plastiki. Kwa maoni yangu, faida kubwa ya ng'ambo huja baada ya ubingwa, wakati mtu anapokwenda kwa miezi michache kujifunza jambo moja. Hospitali ya Ganga iliyopo Coimbatore, India, inajulikana kwa upasuaji wa mkono na majeraha, ambayo ndiyo maradhi yetu, na hospitali ya Chang Gung iliyopo Taiwan inajulikana kwa upasuaji wa hadubini. Mpasuaji akienda huko akiwa tayari anajua wagonjwa wa kwao wanahitaji nini, hurudi na jibu la swali alilokwenda nalo.

Fedha, usajili na mkataba

Kwa shahada ya kwanza, ipo mikopo ya HELB, na zipo fedha za basari za kaunti na za maeneo bunge, ambazo zisitegemewe peke yake kwa kuwa hutolewa kidogo kidogo na kwa kuchelewa. Kwa ubingwa, msaada wa maana zaidi ni ruhusa ya masomo yenye mshahara kutoka kwa kaunti inayokuajiri. Baada ya kufaulu, bingwa huomba Baraza limtambue katika fani yake, hufanya upya leseni kila mwaka na kukusanya alama za elimu endelevu, na ni vyema pia ajiunge na chama cha wapasuaji wa plastiki cha Kenya, KSPRAS, ambako hukutana na walimu wake kama wenzake.

Ruhusa ya masomo huja na mkataba wa kurudi kuitumikia kaunti kwa miaka kadhaa, na mkataba huo usitiwe saini kwa haraka ya furaha. Soma ni miaka mingapi, na unatakiwa kulipa kiasi gani ukiondoka kabla yake. Uliza kama mshahara utaendelea kulipwa iwapo masomo yatarefuka kwa sababu ya mgomo wa chuo au kufeli karatasi moja. Kisha uliza jambo ambalo wengi hulisahau: utakaporudi, kutakuwa na nini cha kufanyia kazi? Mpasuaji wa plastiki aliyerudishwa katika hospitali isiyo na mashine ya kuparia ngozi, isiyo na daktari wa nusukaputi wa kutosha, wala fundi wa mazoezi ya viungo wa kuwafuatilia walioungua, atakuwa anaandika rufaa za kwenda Mombasa kama alivyokuwa akiandika kabla ya kusoma. Omba orodha ya vifaa iwekwe katika barua, hata kama ni fupi: mashine moja ya kuparia ngozi na visu vyake, seti ya vyombo vidogo vya mkono, siku moja maalumu ya chumba cha upasuaji kila wiki, na nafasi moja ya mtaalamu wa mazoezi. Ofisa wa afya wa kaunti anaweza kukataa nusu yake, nawe ukajua mapema unarudi katika nini.